Mawe Yasiyo na Mifupa

Mwanangu Mihayo amerudi likizo na nyundo ndogo,
mpini wake wa buluu, haujachubua kiganja cha mtu.
Ameingia nayo shimoni kwangu, nyuma ya Itetemia,
ameokota jiwe, amelilamba
(amelilamba, mbele ya wateja!)
kisha akaniambia: Mama, hapa hutapata mfupa.

Sikuwa natafuta mfupa. Natafuta ndoo arobaini za kokoto
kabla lori halijafika saa kumi.
Lakini neno limeniingia kama kibanzi jichoni,
maana kwetu mifupa ina deni la zamani.

Babu wa mama yangu, Msabila, alikuwa mpagazi.
Pembe, chumvi ya Uvinza, marobota ya nguo,
mabega yake yalijua uzito wa kila chenye bei.
Kisha akaajiriwa kusini, nyuma ya Lindi,
kubeba kitu ambacho soko halikijui:
mifupa iliyogeuka jiwe, imefungwa plasta na mianzi
kama mgonjwa aliyevunjika.
Siku nne hadi baharini. Ngata kichwani, jasho,
na nyimbo zote za safari
hazikuwa na neno la kuuita mzigo ule.
Wengine waliuita jitu, wengine zimwi.
Msabila, mtu wa hesabu, aliuita mguu,
kwa sababu ulikuwa mguu.

Alirudi Unyanyembe na senti chache na kisa kimoja:
kwamba kwenye handaki fulani walikuta miguu imesimama wima,
imesimama tu, udongoni, kama nguzo za nyumba iliyoezuliwa,
na juu yake hamna kitu.
Watu walicheka. Nani afe amesimama?

Leo Mihayo ananijibia waliocheka.
Lilikuwa tope, Mama. Ufuko wa kale.
Maji yalikupwa, na mnyama mkubwa kuliko behewa
akayafuata, akazama hadi magotini.
Kadiri alivyojinasua ndivyo alivyozidi kudidimia.
Wakaja wadogo wenye meno, wakala walichokifikia.
Miguu ikabaki. Tope halitafuni.
Na kando yake maganda ya konokono wa bahari,
meno yaliyong'oka, mkaa wa misitu iliyoungua.
Ukiyasoma hayo yote unajua kilikuwa kiangazi.

Kiangazi!
Nimekaa na nyundo mapajani.
Miaka milioni mia na hamsini,
na bado mtu anaweza kujua kwamba palikuwa na kiu.

Na sisi je? nimeuliza. Jiwe la Tabora limenyimwa nini?
Hili ni itale, anasema. Lilipoa kabla ya miguu,
kabla ya jicho, kabla ya jani la kwanza.
Miaka bilioni mbili na nusu.
Halikuzika mwenye mifupa, kwa kuwa hakuwapo wa kuzikwa.

Miaka ishirini nalivunja, silijui umri.
Safari hii nimelipiga taratibu,
ndani ya pete ya mpira wa baiskeli inayozuia vibanzi.
Limefunguka: chembe za waridi, nyeupe, nyeusi,
zinang'aa kama zimeoshwa sasa hivi,
na hakuna aliyewahi kuziona
ila mimi, Kalunde, mwenye vumbi kwenye kope.

Mihayo ameushika mkono wangu, ameugeuza.
Kidole cha shahada kilichopinda mwaka ule wa mvua nyingi.
Fundo lililovimba pale mpini unapoegemea.
Amenyamaza kama mtu anayesoma.

Unaona nini?
Kiangazi, amesema.

Nimeunyakua mkono wangu. Lori limepiga honi kwenye kona,
na ndoo ni thelathini na saba.
Beba, nimemwambia. Si wewe wa ukoo wa Msabila?
Ameweka chini nyundo yake ya buluu,
amechukua kanga yangu kuukuu,
ameisokota, polepole, mara mbili akikosea,
ngata.