Gego Lililohama

Dakika nne, alisema Daktari Kuwabara,
dakika nne tu gego langu lilikaa nje ya mwili,
limeshikwa utosini, mizizi ikining'inia,
utando wake mwembamba ungali na unyevu.
"Usione mfupa. Huo utando ndio jino."
Nami mdomo wazi, ulimi umekufa ganzi,
ningemuuliza nini?

Lilitoka juu, nyuma kabisa, lilikokaa bure miaka thelathini
kama mgeni asiyeosha hata kikombe.
Likashushwa chini, kwenye pengo,
uzi ukapita juu yake huku na huku
kama mzigo wa baiskeli.
Jino la pembe si dawa ya pengo, sawa;
hili lilikuwa la nyumbani.

Sanjo theluji ilikuwa imefika madirishani.
Fumie akanipikia uji wa mchele.
Mama, mwenye miaka themanini na tisa, akauliza:
jino la chini hurushwa paani,
la juu hutupwa chini ya sakafu,
sasa hili la juu lililoshuka chini
likija kung'oka tulitupe wapi?
Nilicheka nimefumba midomo.

Siku ya tatu ufizi ulikuwa na rangi ya ini.
Siku ya kumi, kwa tochi na kioo cha kunyolea,
nikaona ukingo wa waridi ukilipanda gego
kama mtu avutaye blanketi usingizini.
Uzi ukatolewa. Gego likacheza.
Nikaogopa hata kupiga mwayo.

Mimi ni mfua patasi.
Maisha yangu yote nimegonga chuma na kutega sikio:
kilicho kizima hulia juu, kirefu,
chenye ufa hukohoa.
Basi mwezi wa tatu daktari akageuza kioo chake,
akainua mpini agonge.
"Tusiombe sauti ya chuma," alisema.
"Likilia kwa ukali limeganda na mfupa,
na mfupa utalila, kidogo kidogo, mpaka liishe."

Akagonga la jirani: du.
Akangoja. (Au mimi ndiye niliyengoja.)
Akagonga lililohama:
du.
Bubu, kama goti juu ya mkeka.
Sijawahi kuifurahia sauti mbovu namna ile.

Kwenye eksirei akanionyesha mstari mweusi,
mwembamba kuliko unywele, umeuzunguka mzizi wote:
ndipo ulipo utando, umejishonea upya,
ukiushika mzizi bila kuubana.

Jioni nikawasha taa ya karakana,
nikagonga patasi ya mteja wa Nagaoka.
Ikalia vizuri, juu, mpaka darini.
Nikaiweka kando.
Kwenye sahani palikuwa na kipande cha figili ya chumvi.
Nikakipeleka upande wa kulia,
nikauma,
na kutoka jikoni Fumie akasema,
"Nimekusikia."