Vigari Vitano

Wanatuita abiria.
Abiria hulipa nauli, hukaa, hutazama dirishani.
Mimi hulipa kwa mbavu.
Kona ya kushoto natoa mwili wote nje,
kofia ngumu inakwangua mchanga;
kona ya kulia namlalia Ilgonis mgongoni
kama gunia la viazi lenye maoni yake.
Pikipiki moja, kigari ubavuni, watu wawili:
mmoja ashike usukani,
mwingine ashike uzani.

Zamani, asema Ilgonis, vilikuwa ishirini na vinne,
na vumbi la Kalnupe lilifika makaburini
hadi wafu wakakohoa.
Mimi nilikuta saba.
Kisha vitano. Kisha vitatu. Na mwaka jana
tulishindana na Raitis peke yake,
tukawa wa pili, tukapewa kikombe,
nikaona haya kukibeba.

Vizma, katibu wa chama, alitusomea kanuni
katika ukumbi wa zimamoto, koti hajalivua:
visipotimia vitano mstarini, daraja linafutwa.
Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama muuguzi anayekukumbusha
kwamba saa ya kutazama wagonjwa imekwisha.

Basi baridi nzima tukawa waombaji.
Hatukuomba pesa. Tuliomba vitu vilivyolala:
kigari cha Modris chini ya nyasi kavu,
kuku wametagia pale pa kushikia;
injini ya marehemu Everts, ambayo mjane wake, Dzidra,
aliifuta kila Jumapili na hakusema kwa nini.
Tukaandika kanuni upya. Tairi za aina moja, za bei nafuu.
Injini kuukuu ruksa.
Anayeshinda mara tatu, mashine yake
aiazime kwa mgeni siku moja.
Raitis alinuna wiki mbili, kisha akatia saini
kwa kalamu iliyokuwa imekauka, ikabidi airudie.

Dereva hupatikana; nani hataki usukani?
Kazi ni abiria.
Nilimpata Ilva zizini, mkamuaji wa ng'ombe,
mabega kama mlango wa ghala.
Nilimpata kijana aliyefukuzwa sarakasi
kwa kuchelewa, si kwa kuanguka.
Nikawafundisha juu ya theluji, trekta likituvuta:
Usingoje dereva akuambie.
Kona isome kwa makalio.
Ilva alianguka mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili alianguka akicheka,
nikajua huyu ni wetu.

Mei. Mvua.
Vigari vinne mstarini.
Vizma na karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki
anatazama saa, anatazama barabara,
sisi hatutazami.

Likaja trekta la Modris, taa zimewaka mchana,
likivuta kile kigari cha kuku,
manyoya mawili bado yamenasa kwenye mnyororo,
na ndani yake injini ya Everts, inang'aa kama sufuria ya harusi,
na kando ya injini Dzidra, miaka sitini na mmoja,
buti za bustani, kofia ya mumewe.
Modris akafungua mikono: Nifanyeje?
Amesema injini haiendi popote bila yeye.

Bendera ikashuka.
Sikuwaona, nilikuwa nje ya kigari, masikio tele tope.
Nimeambiwa walikwenda mita sitini.
Nimeambiwa injini ilikohoa mara moja, kiungwana,
ikazimika katikati ya dimbwi,
na Dzidra akabaki vilevile, mwili wote nje,
ameiinamia kona ambayo hawakuwa wameifikia.

Kanuni inasema kuanza.
Haisemi kumaliza.
Vizma aliandika tano, wino ukatambaa kwa mvua,
akaiandika tena juu yake.

Sisi tulikuwa wa tatu.
Nilipokuwa nakamua maji kwenye glavu
alinijia, tope hadi kidevuni, hakunisalimu.
Ile kona ya kwanza, akauliza,
mtu huanza kutoka wapi?
Kabla ya ule msonobari,
au baada?