Risiti ya Kilo Arobaini na Mbili

Miaka kumi na moja nimefundisha kwa daftari moja.
Jalada la kijani, kona zimeliwa na mende,
na penye sababu ya nne pana doa la chai
ambalo kila mwaka nililiruka
kana kwamba nalo limo kwenye muhtasari.

Nilisoma, wakaandika. Nukta. Aya mpya.
Mlima ulisimama dirishani umejitanda wingu,
nami nikiwaambia Kidato cha Pili: geukeni huku,
historia iko ubaoni.

Ndipo Ndekirwa, binti wa dawati la nyuma,
yule ambaye hata jina lake hulisema kwa kunong'ona,
akaja na kikaratasi ndani ya mfuko wa sukari:
chama cha ushirika, kahawa ya maganda,
kilo arobaini na mbili.
Jina la babu.
Chini yake dole gumba, dogo, la bibi.
"Mwalimu, hii nayo ni historia, au tuitupe?"

Nikakohoa. Nikasema tutaiona kesho.
(Mwalimu akisema kesho, jueni hajui.)

Jumamosi nikaenda Kiboriloni, darasa la kuazima,
walimu tisa, chupa moja ya chai, vikombe sita.
Sharti moja tu: kila mtu alete somo lililomshinda.
Mzee Temu, aliyebakiza miaka miwili astaafu,
akatangulia: "Nimefundisha bunge miaka thelathini.
Sijawahi kumwacha mwanafunzi anipinge."
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Nikaiweka risiti mezani. Ikapita mkono kwa mkono
kama kichanga cha siku saba.
Nani alishika mizani? Kalamu ilikuwa ya nani?
Mbona jina la huyu na dole la yule?
Nani alikuwa na haki ya kuuliza bei?
Nikarudi Moshi mjini sina jibu hata moja,
mwepesi kama mtu aliyetua mkungu wa ndizi.

Jumatatu nikafuta ubao, sikuandika kitu.
Nendeni mfongoni, nikasema. Ulizeni
leo zamu ya maji ni ya nani, na nani kaamua,
na mwizi wa zamu hulipa nini.

Wakarudi na matope hadi magotini
na katiba isiyowahi kupigwa chapa:
mwizi wa maji, debe la mbege;
asiyekuja kuzibua, asinyweshe;
mjane harukwi.

Ndekirwa akanyoosha mkono. Mkono ule!
"Mbona kikaoni wanakaa wanaume,
na wanaonyweshea migomba ni mama zetu?"
Darasa likawaka moto. Wavulana wakasimama,
mmoja akapanda kiti, mwingine akadai spika.
Kengele ya chakula ikalia, ugali ukapoa.

Mkaguzi alipopita aliandika:
*sakafu ina matope.*
Ni kweli, ilikuwa nayo.

Daftari la kijani sikulichoma.
Nikifika penye doa, siku hizi nasimama,
naligeuza waone wenyewe:
sababu ya nne ilizama hapa, sijui ilikuwa nini.
Nani atanitafutia?

Nahesabu mikono. Jana ilikuwa kumi na saba,
na wa kumi na nane ulikuwa nusu juu, nusu chini,
ukinitazama.