Koti la Don Liborio

Yasna, chukua ufunguo. Mlango huu ni mkaidi:
usukume kwa goti, uzungushe kwa mkono,
maana upepo wa Punta Arenas hauingii dukani kama mteja,
huingia kama mdai.

Kabla sijakuachia mashine tatu na pasi mbili
(ile ya bluu huvuja, usiiamini na hariri)
kaa kidogo.
Kuna hesabu moja hatujaifunga.

Miaka ya mwanzo nilikuwa dobi mwenye maneno mengi.
Fedha zikipungua, nilisema ni bei ya gesi.
Wateja wakipungua, ni lile duka jipya la bandarini
lenye taa nyeupe na sabuni ya maua.
Sikusema: jana nilichota noti kwenye droo,
nikanunua kondoo wa Jumapili, nikaalika majirani,
na droo iliponitazama mdomo wazi
niliibamiza, utadhani ndiyo iliyokula.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ilikuwa na daftari.
Ilikosa mwandishi mkweli.

Halafu ikaja Julai ya theluji.
Don Liborio Mansilla alileta koti la sufu, la kijivu,
alilolinunua mwaka alipostaafu kunyoa kondoo.
"Nalihitaji Jumamosi. Mjukuu wangu anabatizwa."
Ijumaa nikalitoa mashineni:
mikono imekomea viwikoni,
kifua kinamtosha mtoto wa miaka saba.

Alisimama pale ulipo, kofia mkononi,
na ulimi wangu ukatangulia mbele yangu:
"Ni huyu msichana. Hasikii akifundishwa."
Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa unakunja mashuka.
Hukusema neno.
Uliyakunjua, ukayakunja tena yaleyale.

Usiku nikafungua daftari kutafuta kosa lako.
Mstari wa Alhamisi: Mansilla, koti, sufu, maji nyuzijoto 60.
Na ile sita yenye mkia mrefu
hapa dukani huandikwa na mtu mmoja tu.
Nyani haoni kundule. Mimi nililiona, kwa wino,
saa tano za usiku, chai imepoa.

Asubuhi nilipanda kilima hadi kwake
na bahasha yenye bei ya koti jipya, si ya koti kuukuu.
Ilikuwa kodi ya duka.
Nikasema, mkono uliobonyeza ni huu.
Hakunisamehe upesi. Alilowesha kidole,
akahesabu noti moja moja, kisha akauliza:
"Na yule msichana, umemwambia?"

Sikuwa nimekwambia. Ilinichukua siku nne,
na siku nne hizo nazo ziandike, upande wa deni.
Kwa mwenye nyumba nililipa kwa mafungu matatu.
Kukopa harusi, kulipa matanga;
nilikaa matanga yale peke yangu, nikila viazi.

Basi sikia. Droo si mfuko.
Jilipe mshahara, hata ukiwa mdogo wa kutia aibu,
uuandike, kisha uishi ndani yake.
Usiahidi Jumamosi kwa kuwa tu mteja ana uso mzuri.
Anayekudai Ijumaa mwone Alhamisi,
hasa kama huna cha kumpa.
Na nguo ikiharibika mikononi mwa msaidizi wako,
mbele ya mteja sema "tumeharibu."
Nani, utauliza nyuma ya pazia.
Soma mwandiko kwanza, kabla ya kutaja jina.

Miaka saba sasa, kila saa mbili asubuhi,
Don Liborio hupita dirishani na mbwa wake mzee
aliyevaa koti la kijivu, limefungwa mkanda tumboni.
Mwaka wa kwanza nilikuwa nikijificha nyuma ya mashuka.
Limemkaa vizuri, lazima niseme.
Wageni hucheka, huniuliza fundi wake ni nani.

Kuanzia kesho watakuuliza wewe.
Waambie halikushonwa.
Waambie lilivyokuwa, na joto la maji,
halafu wape risiti yao.