Hawajasogea

Ng'washi wa soko la Kirumba
hunifungia mafungu manne ya mchicha
na kila asubuhi huuliza, "Wanao hawajambo?"
Siku ya kwanza alitaka kujua nina watoto wangapi.
Nikamwambia elfu mbili na ushei.
Akacheka hadi akadondosha nyanya.
Hakujua kwamba sikutia chumvi.

Chumba changu kina mabeseni thelathini na sita,
maji ya ziwa yaliyochujwa mara mbili,
na konokono, wamejikunja bapa
kama kamba ya ndama iliyotundikwa.
Nawaondolea kinyesi. Nawakatia mchicha.
Saa nne nawahamishia kwenye vikombe vya kioo,
nawawashia taa,
maana kichocho huamka na jua
kama akina mama wa Igombe
wanapoteremka na nguo chafu.

Hao, wanatoka.
Vijidudu vyenye mkia wa panda,
kama manati ya mchunga ndege.
Mimi nimevaa glavu mbili mbili.
Chini ya dirisha, kule kwenye mawe,
watoto wanaruka majini bila hata kaptula.

Vidonge tulivyonavyo huua minyoo wakubwa.
Wachanga, wa wiki tatu hivi,
huviacha vipite kama mgeni asiyewahusu,
kisha wakakua, wakaoana.
Dume ana mfereji tumboni, jike huishi humo,
miaka na miaka, akitaga.
Ndoa isiyojua talaka.
Yangu ilidumu miezi kumi na tisa.

Dokta Rwegoshora hazipi dawa majina.
"Ifaulu kwanza," husema, "ndipo tuibatize."
Namba 17 iliyeyusha sahani ya plastiki.
Namba 40, kimya.
Namba 63 iliwanyoosha kama uzi wa cherehani;
nikaandika daftarini: wamekufa, saa kumi na moja jioni.
Asubuhi nikawakuta wanacheza.
Nikalikata neno kwa mstari mmoja, kama kanuni inavyotaka,
nikatia sahihi, nikaandika pembeni:
walikuwa wamelala.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tulifundishwa.
Nimeinama miaka sita juu ya hadubini.
Hakuna aliyetwambia mvungu una urefu gani.

Shuleni kwa Bugumba, mtoto wa dada yangu,
waliwasimamisha kwenye ufito wenye alama,
urefu wako ndiyo idadi ya vidonge vyako.
Alimeza vinne. Viwili akavitapika nyuma ya darasa.
Baada ya miezi mitatu sampuli zikaletwa.
Sampuli haina jina, ina namba,
lakini namba ile niliibandika kwa mkono wangu.
Nikaliona: yai,
na mwiba wake ubavuni.
Nikahesabu hadi mwisho. Nikajaza fomu.
Nikaenda kunawa, nikanawa tena.

Usiku wa kuamkia Jumapili umeme ulikatika.
Kabati la joto lilikuwa na Namba 112
pamoja na wachanga mia mbili,
na jenereta haina kitu.
Lubango mlinzi hakuuliza ni za nini.
Alinyonya petroli ya pikipiki yake kwa mpira,
akatema, akafuta mdomo,
akavuta kamba mara saba.
Alirudi kwao Nyakato kwa miguu.

Jumapili, wachanga wametulia.
Jumatatu, wametulia.
Jumanne nikawagusa kwa sindano,
nikaipuliza sahani, nikawabembeleza kwa maji ya vuguvugu.
Kalamu ikaelekea kwenye lile neno,
nikairudisha.
Nikaandika: hawajasogea.

Bado chembe za ini, kama zitaistahimili.
Bado panya. Bado kibali, fedha, watu.
Dokta amesoma ukurasa ule mara mbili,
hakusema kitu,
ila leo amenunua chai ya wote.

Jioni napitia ufukweni.
Dada yangu yuko majini hadi magotini,
shuka la Bugumba limemzunguka kama tiara lililoanguka.
"Tayari?" anauliza, bila kugeuka.
"Bado."
"Basi nirushie hiyo sabuni."