Daftari la Mashine ya Konde

Mwaka huu bonde limetapika.
Limejaza ukumbi, limejaza uvungu,
polo zimepanda hadi dirishani
na mchana sebuleni ni giza la mpunga.
Mimi Mkasi, mshika daftari wa mashine hapa Konde,
nimeandika hadi wino umekuwa maji;
kalamu ya pili nimeikopa kwa mwanangu wa darasa la tano,
naye kanipa kwa masharti.

Wanasema mavuno ni neema. Ni neema.
Lakini neema ikija yote siku moja
huja kama wageni kumi, na wewe una mkeka mmoja.

Juzi pishi ilikuwa na heshima yake.
Jana ikavuliwa kilemba.
Leo asubuhi mchuuzi kutoka Wete
kashika punje, kaitafuna, kaitema,
kataja bei kwa sauti ya mtu anayetoa pole.
Faki Khatoro alicheka. Kisha akanyamaza.
Kisha akauliza kama mashine inakubali deni.

Huko Mkoani, wanasema, meli imeshusha mapembe,
mchele mweupe usiomjua mtu wala tope lake,
na watu wetu wanaununua kwa kuwa ni rahisi.
Niwalaumu kwa uso gani?
Ijumaa nilipika huohuo.

Halafu ikaja simu ya Moroni.
Bwana mmoja, Kiswahili chake kina kona za Kingazija,
anataka tani arobaini.
Arobaini! Nilisimama, kana kwamba ananiona.
Tunazo, nikasema, tunazo na za kumwaga.
Akauliza: za aina gani?

Hapo ulimi ukanikauka.
Kwani ghalani mna kihogo cha Bikombo,
mna supa ya wana wa Shaame,
mna mbegu ya msaada isiyo na jina,
na mna ule mwekundu wa marehemu mama
ambao hakuna duka linaloutaka
na hakuna mgonjwa anayeukataa.
Yote tumeyaanika sakafu moja, kindugu.
Undugu ni mtamu kwenye sinia;
kwenye mizani, mnunuzi anauita uchafu.

Unyevu usizidi kumi na nne, akasema.
Mawe yasiwemo. Karatasi ziwepo.
Nikaandika, mstari chini ya mstari,
kama ninayetajiwa miiko ya sukari.

Kipima unyevu tunacho kimoja, betri tumeifunga kwa mpira.
Kwa Faki kilisoma kumi na saba.
Akakitikisa. Kumi na saba.
Alivuna na mvua, mpunga ukianza kumea kwenye suke,
angefanyaje?
Bikombo hakusema neno. Alivuta turubali lake,
akasogeza mpunga wake pembeni,
akamwachia upande wa jua.

Leo siku ya sita tunapeta na kuchambua.
Moroni hajapiga tena.
Labda kapata kwa wengine, labda salio limemwishia,
labda yuko njiani na mizani yake kwapani.
Simu yoyote ikilia, mikono kumi na minane inasita,
nyungo zikiwa juu,
na pumba zinaendelea kuanguka peke yao.

Safu ya bei nimeiacha tupu.

Anayefanya biashara ni kuku wa Bikombo tu:
anaokota zilizoruka,
kihogo, supa, ule mwekundu,
hachagui, hapimi,
wala hajaniuliza Moroni ni wapi.