Kondoo Nambari Arobaini na Tatu

Leitrim, Novemba. Mvua ya wiki ya tatu
hainyeshi, imesimama tu hewani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Leo tunafungua maini:
kumi na mawili ya waliochanjwa,
kumi na mawili ya waliodungwa maji ya chumvi,
na mimi sijui lipi ni lipi. Ndivyo ilivyopangwa.
Kazi yangu kisu, maji vuguvugu, chujio, hesabu.

Nakata vipande vya upana wa kidole,
nakamua. Wanatoka
bapa, kijivu, mithili ya majani ya chai
yaliyosahauliwa birikani.
Mtu aliyechukiwa husemwa ametumbukia nyongo.
Huyu alitumbukia, akajenga.

Miaka tisa Dakta Muireann Gilhooly anamwinda
kwa silaha yake mwenyewe:
ule mkasi usioonekana, kimeng'enya
anachokatia ukuta wa utumbo akielekea inini.
Ameuiga mkasi, ameukoroga na mafuta,
ameudunga shingoni,
damu iuone mapema, ikariri sura yake.
Lakini mnyoo huvua koti kila saa;
askari wa damu hubaki wameshika koti.

Saa kumi jioni anasoma orodha kwa sauti.
Wasiochanjwa: wastani tisini na mmoja.
Waliochanjwa: arobaini na wanane.
Na nambari arobaini na tatu, aliyechanjwa mara mbili,
aliyekuwa akinilamba mkono akitafuta chumvi:
mia moja na kumi na wawili.
Niliwahesabu mara tatu. Ya tatu
nilikuwa naomba nikosee.

Phonsie McMorrow, aliyetuuzia kondoo, kaja na buti za mpira
zenye tope la shamba lile lile.
"Nusu," anasema. "Aliyezama nusu anaitwaje?"
Hakuna anayemjibu. Muireann ananawa
muda mrefu kuliko mikono inavyodai.

Kisha, bila kugeuka, anataja mayai:
kwenye kinyesi yamepungua robo tatu.

Phonsie anakuna kidevu, anatazama dirishani.
Huko nje kila wayo wa ng'ombe umejaa maji,
na kila wayo una konokono wake,
hafikii hata punje ya hindi,
anayengoja kubishiwa hodi.
"Basi wapo," anasema, "watakaokosa wageni."
Anavaa kofia. Mlangoni anauliza
mwakani tutataka wangapi.